Mwenye Gari

Mzee Vajashravasa alikuwa akiitoa sadaka mali yake yote, na mwanawe Nachiketa amesimama kando, anatazama ng'ombe wanavyopelekwa. Walikuwa ng'ombe wazee, maziwa yamekauka, uzazi umekwisha. Kijana akaona aibu. Akamuuliza: "Baba, na mimi utanitoa kwa nani?" Mzee akanyamaza. Akauliza tena, mzee kimya. Alipouliza mara ya tatu hasira zikampanda mzee, akasema: "Wewe nakutoa kwa Mauti!"

Neno likishatoka halirudi. Nachiketa akashika njia hadi nyumbani kwa Yama, mungu wa mauti, akamkuta hayupo. Akamngoja siku tatu bila kula. Yama aliporudi akaona haya kwamba mgeni amelala njaa kwake, akamwambia aombe mambo matatu, moja kwa kila usiku aliolala bila chakula. Ombi la tatu ndilo lililoivusha hadithi hii karne kwa karne: mtu akifa, kuna kinachobaki au hakuna? Lakini mimi, kila nikiirudia, hunishika ombi la kwanza. Kijana aliyetupwa kwa Mauti na baba yake mzazi aliomba, kabla ya lolote, hasira ya baba yake itulie, na siku atakaporudi nyumbani baba amtambue na kumpokea kwa moyo mweupe.

Hadithi hii imo katika Upanishadi ya Katha, andiko la India lililotungwa zaidi ya miaka 2000 iliyopita na kupokezanwa kwa mdomo kutoka mwalimu hadi mwanafunzi. Wengi hudhani falsafa ya India ilizaliwa mapangoni, kwa wazee waliowakimbia watu. Hapa inazaliwa uani, kwenye ugomvi wa baba na mwana. Nani aliyelitamka lile neno: baba, au hasira yake? Na kama hasira ni kitu kingine na baba ni mwingine, baba mwenyewe alikuwa wapi wakati ule?

Yama anajibu kwa mfano wa gari. Neno letu "gari" lilitufikia kutoka Kihindi, likavuka bahari pamoja na chapati na laki, lakini gari analolisema Yama ni lile la kale la kukokotwa na farasi. Mwili ndio gari, anasema. Hisi zetu, macho, masikio, pua, ulimi na ngozi, ndizo farasi. Vitu vinavyozivuta hisi ndizo barabara wanazozipita. Hatamu ni manasi, yaani ile sehemu ya akili inayopokea, inayotamani, inayositasita. Dereva ni budhi, sehemu inayopima na kuamua. Na ndani ya gari ameketi mwenyewe, ambaye Wahindi wa kale walimwita atma, neno ambalo tunaweza kulikaribia kwa "nafsi", mradi tusilibane sana.

Aliyewahi kupanda daladala anajua kwamba dereva si mwenye gari. Dereva na konda wanahangaika tangu alfajiri, wanakimbizana na wenzao, wanagombana na abiria, na jioni wanampelekea tajiri hesabu yake. Dereva akichomekea mtu barabarani, tunamlaumu dereva. Hatusemi gari limekasirika, wala hatusemi tajiri amekasirika. Ila tajiri wa daladala yuko kwake amelala, na huyu wa Yama yumo humo humo garini, safari nzima, anaona kila kitu, wala hasikiki sauti.

Sasa muulize mtu yeyote yeye ni nani. Atakutajia farasi: napenda kula vizuri, siwezi kelele. Au atakutajia hatamu: mimi ni mtu wa wasiwasi sana. Aliyesoma kidogo atamtaja dereva: mimi naamua haraka, sirudi nyuma. Yote hayo ni ya kweli. Lakini ni maelezo ya gari na wafanyakazi wake, na mwenye gari hajatajwa.

Kiswahili kinatupa hapa msaada ambao sijaona wengi wakiutumia. Tunasema "nina hasira". Maana yake niko na hasira, kama vile nina mwavuli au nina mgeni. Hasira ipo, mimi nipo, tumefuatana. Tunasema hasira zimenipanda, usingizi umenichukua, huzuni imenishika. Katika lugha hii mambo ya moyoni huja kwetu kama wapitao njia: yanapanda, yanashika, yanaachia. Kisha siku moja, kwa sababu wameshapita mara nyingi, tunabadilisha kauli. Tunasema "mimi ni mtu wa hasira". Mgeni amepewa chumba na jina la familia. Nimekua nikisikia kwamba ukoo wetu ni watu wakali, tangu babu, na kwa miaka mingi niliibeba kauli hiyo kama ninavyobeba urefu wangu.

Wanafalsafa wa shule ya Sankhya walimpa jina fundi anayeifanya kazi hiyo ya kugeuza "nina" kuwa "mimi ni". Walimwita ahamkara. "Aham" ni mimi, "kara" ni mtengenezaji. Katika Kihindi cha leo neno hili limebaki na maana ya kiburi, lakini kwa wakale lilikuwa pana zaidi: ni ile nguvu ndani yetu inayokibandika kila kinachopita chapa ya "changu" au "mimi". Maumivu yakija, yanakuwa yangu. Sifa ikija, inakuwa mimi. Hata unyenyekevu ahamkara huuchukua, na hapo ndipo mtu anapoanza kujivunia kuwa hana makuu.

Sankhya ni moja ya shule kongwe za fikra za India, na kitabu chake kikuu tulichonacho, Sankhya Karika cha Ishvarakrishna, kina beti 70 hivi tu. Katika karne ya 6 kilikuwa kimeshatafsiriwa kwa Kichina. Hoja yake inaanza na vitu viwili ambavyo havichanganyiki. Upande mmoja yuko purusha, anayeona. Upande wa pili iko prakriti, maumbile, yaani kila kinachoweza kuonwa. Kutoka kwenye prakriti inachipuka budhi, kutoka budhi inachipuka ahamkara, na kutoka ahamkara vinatoka manasi, hisi, viungo vya kutenda na mata nyembamba ambazo hatimaye zinakuwa ardhi, maji, moto, hewa na anga. Ukihesabu vyote, pamoja na purusha, unapata 25.

Msomaji anaweza kuipita orodha hiyo haraka, lakini kuna jambo ndani yake ambalo mimi naliona ni kubwa mno. René Descartes, Mfaransa wa karne ya 17, alipoigawa dunia, alichora mstari kati ya mwili na akili, na elimu ya shule zetu imeurithi mstari huo. Sankhya ilikuwa imechora mstari mahali pengine kabisa. Akili nayo iliwekwa upande wa mwili. Mawazo, kumbukumbu, maamuzi, hata ule uhakika wa kwamba mimi ni fulani bin fulani, vyote viko upande mmoja na mchanga na ndizi mbivu. Upande wa pili amebaki shahidi peke yake.

Upanishadi ya Chandogya inalionyesha hilo kwa jaribio. Shvetaketu alipelekwa kusoma akiwa na miaka 12, akarudi na miaka 24, kichwa kimejaa Veda, yale maandiko matakatifu ya kale, na mabega yako juu. Baba yake, Uddalaka Aruni, akamwambia afunge siku 15, asile kitu, anywe maji tu. Baada ya siku hizo akamwambia: haya, nisomee Veda. Kijana hakukumbuka hata mstari mmoja. Baba akamwambia akale kwanza. Alipokula, yote yakarudi. Huyo ni kijana aliyejivunia elimu yake kana kwamba elimu ndiyo yeye, akaonyeshwa kwamba elimu hiyo inasimama juu ya sahani ya chakula. Mtu aliyewahi kumuuguza mzazi ambaye kumbukumbu inamponyoka anajua uzito wa somo hili, na anajua pia kwamba hata majina yote yakishapotea, bado kuna mtu anayekutazama kutoka kwenye yale macho.

Nitaleta jambo la nyumbani kwangu. Mwanangu wa kwanza, wakati huo yuko kidato cha tatu, alichelewa kurudi usiku mmoja. Saa nne ikapita, saa tano ikapita, simu haipokewi. Nikakaa sebuleni, taa ya nje inawaka, maneno nimeshayapanga. Geti lilipogongwa nikaona mambo ambayo sikuwahi kuyaona kwa miaka yangu yote ya kuwa mkali: masikio yamepata moto, kidole gumba kinasugua mkono wa kiti, na maneno niliyoyapanga, neno kwa neno, yalikuwa ya marehemu baba yangu. Hata pumzi ya kuyatanguliza ilikuwa yake. Hasira ilikuwepo kamili, haikupungua hata kidogo. Ila nilikuwa naiona. Na wahenga wa India wana kanuni moja wanayoirudia bila kuchoka: kinachoonwa si yule anayeona. Chungu si jicho. Kama hasira naiona inapanda, basi aliyekaa akiiangalia si hasira. Mtoto akaingia, nikamuuliza kama amekula. Nilimgombeza, ndiyo, lakini ilikuwa asubuhi yake, na kwa maneno yangu mwenyewe.

Sisemi kwamba shahidi anamwondolea mtu lawama. Kuna watu wanaoyasoma mafundisho haya wakapata kisingizio: si mimi niliyekupiga, ni maumbile yangu. Vajashravasa alitamka, na mwanawe akaenda kwa Mauti. Sheria ya karma, kwamba kila tendo humrudia mtendaji, ambayo karibu shule zote za India ziliikubali, haina msamaha kwa dereva kwa sababu tajiri hakusema neno.

Tunasema tabia ni kama ngozi, tukimaanisha haivuliki. Wahindi wa kale wangekubali kwamba ni ngozi, kisha wangekuuliza imesukwa kwa nini. Jibu lao ni guna tatu. Guna ni sifa, lakini katika Kisanskriti neno hilo hilo ni uzi, msokoto mmoja wa kamba. Nadhani mtu wa pwani anaielewa picha hii kuliko wengine. Makumbi yakishafukiwa, yakafukuliwa na kupondwa, ule usumba husokotwa uzi kwa uzi viganjani mpaka inapatikana kamba ya kufungia ngalawa. Ukiifumua kamba hiyo kuitafuta kamba yenyewe, unakuta nyuzi tu.

Nyuzi za prakriti ni satwa, rajasi na tamasi. Satwa ni wepesi na mwanga, ule utulivu wa alfajiri wakati jambo lililokukwamisha jana unaliona lilivyo. Rajasi ni mwendo na joto: kutaka, kushindana, kushindwa kukaa. Tamasi ni uzito, ule unaomfunika mtu saa nane mchana baada ya ugali mkubwa, na ule mwingine mbaya zaidi unaomfanya aahirishe maisha yake mwaka baada ya mwaka. Hakuna mtu mwenye uzi mmoja. Wafafanuzi wa Sankhya walitoa mfano wa taa: utambi, mafuta na moto ni vitu vinavyopingana, lakini vikikaa pamoja vinatoa mwanga. Bila tamasi tusingelala. Bila rajasi hakuna shamba ambalo lingelimwa.

Na guna zinaonekana mpaka jikoni. Bhagavad Gita, kitabu cha beti 700, kinaeleza katika sura ya 17 vyakula vinavyopendwa na watu wa kila guna: vyenye utomvu na ulaini kwa satwa, vikali na vya kuunguza kwa rajasi, vilivyolala na kupoteza ladha kwa tamasi. Mkazi wa Mombasa au Dar es Salaam aliyewahi kualikwa na jirani Mhindu wa madhehebu ya Swaminarayan huenda alikula mchuzi usio na kitunguu wala kitunguu saumu, na akashangaa utamu umetoka wapi. Sababu inayotolewa ni hiyo: vyakula hivyo viwili huamsha rajasi na tamasi, na mpishi hataki kuviingiza ndani ya mtu.

Waganga nao walizitumia guna kumsoma mgonjwa. Charaka Samhita, kitabu kikongwe cha tiba ya Ayurveda, kinaorodhesha aina 16 za watu kwa tabia ya akili zao: saba za satwa, sita za rajasi na tatu za tamasi. Hizo tatu za mwisho zimepewa majina ya mnyama, samaki na mti. Mtu wa mti ni yule aliyesimama alipo, kazi yake kula tu. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza niliwafikiria watu wawili watatu ninaowafahamu, na baadaye nikajifikiria mimi kipindi fulani baada ya kupoteza kazi, nilipokaa miezi mingi nikiwa mti kamili. Ndiyo maana siipendi orodha hiyo ikitumiwa kuwagawa watu. Guna inaeleza hali ya leo. Kesho uzi mwingine unaweza kuja juu, na mganga wa Ayurveda asingekuwa na kazi kama usingeweza.

Lakini watu waligawanywa, na hili siwezi kulipita. Gita hiyo hiyo inasema mahali pawili kwamba matabaka manne ya jamii, varna, yaligawanywa kufuatana na guna. Watetezi husema maana yake ni sifa ya mtu na wala si kuzaliwa kwake. Inawezekana mwandishi alikusudia hivyo. Historia haikumsubiri aeleze. Kwa karne nyingi mtoto alizaliwa akakuta uzi wake umeshasokotwa na wengine: huyu ni wa vitabu, huyu ni wa kufagia, na yule haruhusiwi kuchota maji kwenye bwawa la wenzake. Fundisho lililokuja kumfungua mtu kutoka kwenye tabia yake likageuzwa kuwa pingu ya tabia.

B. R. Ambedkar alizaliwa ndani ya pingu hiyo, katika jamii ya Wamahar waliohesabiwa najisi, akasoma mpaka New York na London, akaja kuongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India. Desemba 25, 1927, huko Mahad, yeye na wenzake walikichoma moto kitabu cha sheria cha Manu. Mwaka 1936 aliandaa hotuba ya kuvunja matabaka. Waliomwalika walipoona maneno yake walisita, haikutolewa, akaichapisha kwa gharama zake. Na Oktoba 14, 1956, mjini Nagpur, aliingia dini ya Buddha pamoja na mamia ya maelfu ya wafuasi wake. Hakuishi miezi miwili baada ya hapo. Mimi nauona uamuzi wake kuwa ni jibu la kifalsafa kama ulivyokuwa la kisiasa. Mtu aliyeambiwa maisha yake yote kwamba asili yake ni ya chini alichagua fundisho linalosema hakuna asili iliyoganda ndani ya mtu yeyote. Nitarudi kwenye fundisho hilo.

Kwanza niseme jinsi uzi unavyosokotwa, maana hapa ndipo India ya kale ilipochunguza kwa ndani kabisa. Kila tendo, kila neno, hata wazo lililopita na kutoweka, linaacha alama inayoitwa samskara. Alama zikirundikana zinakuwa mwelekeo, na mwelekeo huo unaitwa vasana, neno lenye asili ya kutia harufu. Fikiria nguo iliyofukizwa udi. Moshi umeshaondoka, chetezo kimeshapoa, nguo imekunjwa sandukuni wiki nzima, na bado ukiifungua udi unakulaki. Hivyo ndivyo hasira ya baba yangu ilivyokuwa kwenye maneno yangu usiku ule, miaka mingi tangu tumzike. Wahindi wanaongeza kwamba harufu hiyo huvuka hata kutoka maisha hadi maisha. Msomaji wangu anaweza asilikubali hilo, kwa imani yake au kwa kukosa imani, na bado akaitambua harufu kwenye sanduku lake.

Dawa yake haikuwa kuifua nguo kwa kuikwangua. Yoga Sutra ya Patanjali, kitabu kidogo cha kauli zisizofika 200, inashauri kufukiza upya. Wazo la kudhuru likikujia, lete makusudi lililo kinyume chake, na urudie mpaka nalo liache alama. Kwa watu wanaotuzunguka inataja misimamo minne: urafiki kwa mwenye furaha, huruma kwa mwenye mateso, kushangilia wema wa mwema, na kwa mwovu, utulivu. Ule wa kwanza ni mgumu kuliko unavyoonekana. Jirani akijenga ghorofa, moyo hauendi kwenye urafiki wenyewe. Unapaswa kupelekwa kwa mkono.

Je, baada ya kuvua vyote hivi, yule mwenye gari anaonekana? Upanishadi ya Chandogya ina hadithi ambayo naipenda kwa sababu inachukua muda mrefu, kama jambo lenyewe. Indra, mfalme wa miungu, na Virochana, mkuu wa maasura, mahasimu wa miungu, walisikia kwamba Prajapati, bwana wa viumbe, anafundisha habari za nafsi isiyozeeka wala kufa. Wakaenda kwake, kuni mkononi kama wanafunzi. Wakakaa naye miaka 32. Ndipo akawaambia wavae vizuri, wajipambe, wajitazame kwenye bakuli la maji. Wakajiona. Akasema: huyo ndiye. Wote wawili wakaondoka wameridhika. Virochana akafika kwa watu wake akatangaza kwamba mwili ndio nafsi, uhudumiwe huo. Hakurudi tena.

Indra alikuwa bado njiani shaka ilipomwingia. Kama ninayemwona majini anapendeza nikipendeza, basi nikiwa kipofu naye ni kipofu, nikifa naye anakufa. Akageuza. Akakaa miaka mingine 32, akaambiwa nafsi ni yule anayetembea katika ndoto. Akaondoka, akageuza tena: mbona katika ndoto mtu hukimbizwa na kulia? Miaka 32 mingine. Akaambiwa nafsi ni yule aliyelala fofofo bila ndoto. Akaondoka, akageuza: aliyelala hivyo hajijui hata yeye mwenyewe, ni kama amepotea. Prajapati akamwambia akae mitano zaidi. Jumla miaka 101.

Hoja ya usingizi haikuishia kwa Indra. Shankara, aliyetoka Kerala karne ya 8 hivi, na shule yake ya Advaita waliishikilia. Sisi tunaamkiana "umelalaje?" na tunajibiwa "salama". Nani aliyekuwepo kushuhudia huo usalama? Macho yalifungwa, mawazo yalizimika, ahamkara mwenyewe alikuwa hoi, hakuna aliyekuwa akisema mimi, mimi. Na bado asubuhi mtu anatoa ushahidi kwamba amelala vizuri na hakujua lolote. Wanaadvaita walisema shahidi hakulala. Tena walisema shahidi wako na wangu ni mmoja, na hapo ndipo mimi hubaki nimesimama mlangoni kama Nachiketa.

Wapo waliokataa hata kubisha hodi: Wabuddha, wenye lile fundisho alilolichagua Ambedkar. Karne ya 2 kabla ya Kristo kaskazini-magharibi ya India ilitawaliwa na mfalme wa Kigiriki, Menander, ambaye vitabu vya Kibuddha vinamwita Milinda. Akamwendea mtawa Nagasena na kumuuliza jina lake. Mtawa akasema anaitwa Nagasena, lakini hilo ni jina tu, hakuna mtu ndani yake. Mfalme akampinga. Nagasena akamuuliza: umekuja kwa miguu au kwa gari? Kwa gari. Basi nionyeshe gari: ni magurudumu? Hapana. Ni mhimili? Hapana. Ni nira, ni hatamu, ni vyote vikiwa chungu moja? Hapana. Basi gari liko wapi? Mfalme akakubali kwamba "gari" ni jina tunalovipa vitu hivyo vikikaa kwa mpango fulani. Na Nagasena ni vivyo hivyo: mwili, hisia, utambuzi, mielekeo na ufahamu, mafungu matano yanayopita pamoja.

Gari la Yama na gari la Nagasena ni gari lile lile. Mmoja analionyesha ili umtafute mwenyewe aliyeketi ndani, mwingine analifungua parafujo kwa parafujo ili uache kumtafuta. Wamebishana zaidi ya miaka 1000, kwa akili kali kuliko zetu, na mimi sina hukumu ya kutoa juu yao. Ninachokiona ni kwamba walipokuwa wakitupiana hoja, kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyelibishia mwenzake: ile tabia niliyoiita mimi, ukali wa ukoo, wasiwasi, kasi ya kuamua, siyo mwenye gari. Imesokotwa, kwa hiyo inaweza kufumuliwa. Mtu asingehitaji zaidi ya hapo ili aanze kazi. Ambedkar naye hakuhitaji.

Shvetaketu, yule wa kufunga siku 15, alipewa na baba yake jaribio jingine. Aliambiwa atie chumvi kwenye maji usiku, na asubuhi airudishe. Hakuipata. Akaambiwa aonje juu, aonje katikati, aonje chini, na kote ilikuwa chumvi. Baba akamwambia kwamba kile asichokiona, kilichoenea kote, ndicho yeye.

Nililifanya na binti yangu mdogo, wa miaka minane. Bilauri ya maji, kijiko cha chumvi, tukaiacha juu ya meza ya jikoni usiku kucha. Asubuhi nikamwambia nipe ile chumvi yangu. Akachungulia, akatia kidole mpaka chini, akasema imeisha. Nikamwambia aonje. Akakunja uso. Tukamwaga nusu, akaonja tena, tukamwaga tukabakiza tone la chini, akaonja. "Ipo," akasema. Nikangoja aniulize maana yake, maana nilikuwa nimejiandaa na maelezo marefu ya Upanishadi. Hakuuliza. Aliiinua bilauri kwenye mwanga wa dirisha, akafumba jicho moja kuitazama, akaigeuza taratibu, kisha akaonja tena.